Mtu Anayenifahamu kwa Mwaka Mmoja

Nianze kwa kukiri kosa, maana bila kosa hilo nisingepewa hata fomu. Nilikuwa naficha kitabu cha maktaba. Sikukiiba, nasisitiza, nilikificha humohumo ndani. Kila alasiri, dakika chache kabla ya kengele ya kufunga, nilikwenda na kitabu changu hadi kabati la mwisho karibu na dirisha, lenye vitabu vya magonjwa ya ng'ombe, nikakisukuma nyuma kabisa. Tangu nianze kwenda pale sikuwahi kuona mtu akisoma magonjwa ya ng'ombe. Kesho yake asubuhi nakikuta palepale, na ukurasa nilioishia ninao kichwani.

Siku moja niliingiza mkono nisikute kitu. Nilipogeuka, binti wa maktaba alikuwa amesimama nyuma yangu, kitabu amekikumbatia kifuani. Ni binti mdogo, ana miwani na adabu nyingi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Mama, kuna mtu wiki nzima anakiulizia hiki kitabu. Kompyuta inasema kipo, kabatini hakipo."

Nilimjibu kwamba huyo mtu asubiri zamu yake. Ndivyo nilivyo. Nilifanya kazi ya ukarani wa mizani kwenye ushirika wa kahawa kule Kagera hadi nikastaafu, na mkulima aliyeniletea kahawa isiyokauka akidhani nitamwonea haya alirudi nayo kwake. Nimezoea kushika watu na makosa, sijazoea kushikwa. Binti hakugomba. Alisema tu, "Kwa nini usiazime, mama? Ukiwa mwanachama unakaa nacho nyumbani wiki mbili." Akaniletea fomu.

Sikuwahi kufikiria kuazima. Na kama kuna mtu aliyehitaji kitabu nyumbani, ni mimi. Nyumba ninayokaa, huko Buzuruga jijini Mwanza, ni ya mwanangu. Alikuja kunichukua kijijini baada ya baba yake kufariki na shamba letu la migomba kumalizwa na mnyauko. Mwaka wa kwanza tulikaa wote: yeye, mkewe, na binti yao mdogo ambaye alikuwa akilala chumbani kwangu. Kisha akahamishiwa Dodoma. "Kaa hapa kwanza, mama," alisema, "tukipata nyumba kubwa tutakufuata." Huu ni mwaka wa tatu. Nyumba kubwa haijapatikana, na mimi nimekuwa mlinzi asiye na bunduki.

Wanapiga simu Jumapili. Mjukuu ananiuliza nimekula nini, namwambia, ananyamaza kwa sababu hana swali lingine, kisha simu inarudi kwa mama yake. Baada ya hapo ni mimi na kuta. Saa kumi na mbili jioni mtaa mzima unasikika wanawake wakiita watoto wakaoge. Mimi sina wa kumwita. Namenya ndizi za watu wanne kwa mazoea, halafu nakula kiporo siku mbili. Redio huwa naijibu. Mtangazaji akisema habari za jioni namwambia nzuri, na wakati mwingine namsahihisha.

Kwa hiyo nilikaa pale maktaba na ile fomu nikiwa na furaha ya kitoto. Ukurasa wa kwanza niliujaza kwa mwandiko wangu wa karani, ambao bado unaheshimika. Ukurasa wa pili ulikuwa na kichwa kimoja: Mdhamini. Awe mkazi wa Mwanza. Awe anamfahamu mwombaji kwa muda usiopungua mwaka mmoja. Aandike kwa mkono wake mwenyewe jina la mwombaji na jinsi anavyomfahamu.

Kalamu yangu ilisimama. Nilianza kuwapitia watu mmoja mmoja kichwani. Muuza mboga wa stendi ananiita mteja. Kijana wa duka la dawa anaijua presha yangu vizuri kuliko mwanangu, lakini mimi hanijui. Kwenye jumuiya ya kanisa wananifahamu kama yule mama anayekuja na kigoda chake kwa sababu ya magoti. Nikafika mwisho wa orodha, na orodha yenyewe ilikuwa fupi. Roho iliniuma. Mji una watu wote hawa, wamejaza hata vilele vya mawe kwa nyumba, na mimi sina mmoja wa kuandika mistari miwili.

Binti alinishauri niende kwa mwenyekiti wa mtaa, akisema wengi hufanya hivyo. Nilikwenda. Mwenyekiti ni mtu mwema, ila ana haraka. Alikunjua fomu, akabonyeza muhuri kwenye wino, akauliza, "Mama, unaitwa nani vile?"

Nikaichukua fomu yangu.

"Kwani vipi, mama?"

"Imeandikwa anayenifahamu."

"Hayo ni maandishi tu," alisema akicheka. "Sisi tunamgongea kila mtu."

Najua wanamgongea kila mtu. Lakini katika maisha yangu yote ya mizani sikuwahi kuandika uzito wa gunia ambalo sikulipima, na sikutaka kuanzia kwangu mwenyewe. Nilimuaga vizuri, nikapanda kilima hadi nyumbani, na usiku ule redio sikuijibu.

Wiki iliyofuata kulikuwa na maonyesho ya picha za zamani za mji na ziwa pale maktaba. Binti aliniambia wazee wengi watakuja, na macho yake yalisema anajua kwa nini ananiambia. Nilivaa kitenge changu cha sherehe, fomu nikaiweka ndani ya mkoba, nikaenda kila siku. Picha zilibandikwa kwenye mbao katikati ya ukumbi: soko, kituo cha treni, wanawake wakianika dagaa, milima ya mawe kabla nyumba hazijaipanda. Chini ya kila picha paliwekwa karatasi, na maelezo kwamba ukimtambua mtu uandike jina lake. Chini ya picha ya dagaa yaliandikwa majina mengi. Watu walikuwa wanavutana mikono, "Njoo umwone shangazi, njoo umwone!"

Mimi nilisimama kwenye picha ya meli ya Bukoba ikishusha abiria. Wanateremka ngazi na mikungu ya ndizi, wamechoka, wamependeza. Niliwahi kupanda meli hiyo nikiwa msichana, kuja kusoma mafunzo ya ukarani. Nilizitazama sura zile moja baada ya nyingine, nikijitafuta. Sikuwemo. Karatasi ya chini ilikuwa nyeupe.

Siku ya tatu alisimama kando yangu mzee wa makamo yangu, amevaa koti na kofia, akaitazama picha ile kama mimi, akasema neno kwa Kihaya, lugha ya kwetu. Nusura nimkumbatie. Tuliongea tukiwa tumesimama, na kusimama siku hizi kwangu ni kazi. Tuliongea kuhusu kahawa, mvua, na migomba iliyonyauka. Kumbe watu wa ukweni kwake nimewahi kuwapimia kahawa yao. Alinichekesha. Sikuwa nimecheka na mtu mzima kwa muda mrefu kiasi kwamba nilisikia mashavu yakiuma. Mlinzi alipoanza kutikisa funguo nikajikaza, nikafungua mkoba na kumweleza habari ya mdhamini. Nilisema kwamba hajanijua mwaka mmoja, lakini watu wake wananijua miaka thelathini.

Aliisoma fomu yote, akairudisha polepole. Akaniambia yeye si mkazi. Ameletwa kutibiwa, amemaliza, kesho anarudi Bukoba. Mjini hapa anamfahamu daktari na mgonjwa wa kitanda cha pili, na mgonjwa mwenyewe ameshahamishwa. Alikuja maktaba kwa sababu wodini walimwambia atembee. Aliniaga kwa kunishika mikono yote miwili. Nilibaki mbele ya ile picha kama abiria aliyeshuka melini akakuta hakuna aliyekuja kumpokea.

Sasa niseme jambo ambalo halinipi sifa. Mkabala na geti langu kuna fundi cherehani, Msukuma wa kutoka upande wa Usagara. Mtaa mzima tunamwita Mama Mapacha. Mapacha wenyewe ni watu wazima, mmoja yuko Geita na mwingine ameolewa Kahama. Tangu nifike Buzuruga, kila asubuhi huyu mwanamke amenisalimia, "Mwangaluka, Bibi," akimalizia na jina la mjukuu wangu, kwa sababu siku zile mtoto alikuwa akishinda kwake akiokota vipande vya vitambaa. Mtoto aliondoka, salamu haikubadilika. Na katika kupitia watu wangu kichwani sikumfikia kabisa. Nilifikiri mdhamini ni mtu wa ofisi, mwenye tai, mwenye cheo. Sisi watu wa Kagera tunasemwa kwa majivuno, na mimi sikuwahi kujitahidi kuwasuta wanaosema.

Nilimpelekea fomu kwa sababu nilikuwa nimeishiwa watu. Ndiyo ukweli.

"Mimi?" alisema. "Yaani mimi ndiyo nikudhamini wewe?" Alijifuta mikono kwenye kanga mara mbili, akasogeza kitambaa cha watu kisichafuke, akaandika taratibu, ulimi umetokeza pembeni mwa mdomo. Ilichukua muda mrefu kuliko kushona pindo la sketi. Nilisimama mlangoni nikitazama barabara ili asione aibu ya kuandika polepole. Alipomaliza niliikunja bila kusoma, nikamshukuru, na kesho yake nilifika maktaba kabla milango haijafunguliwa.

Binti aliisoma akiwa amesimama. Kisha akakaa. "Mama," alisema kwa upole, "hapa kwenye jina la mwombaji kuna tatizo kidogo. Halifanani na la kitambulisho." Akaigeuza fomu nione.

Mama Mapacha alikuwa ameandika Bibi, halafu jina la mjukuu wangu. Ndilo jina langu alilolijua. Chini yake, kwenye jinsi anavyomfahamu mwombaji, aliandika: Ni jirani. Anakaa peke yake. Taa yake inazimwa mwisho mtaani kwetu. Jioni nikiona haijawaka ninakwenda kugonga.

Niliona aibu kama mtu aliyedondokwa na kanga sokoni. Mambo haya kayaandika kwenye karatasi ya serikali, mtoto wa watu mwenye miwani kayasoma! Niliomba fomu nyingine, nikatoka nikiwa na maneno tayari mdomoni. Nilipanga kumuuliza Mama Mapacha nani kamtuma ahesabu taa zangu. Nilipanga kumuuliza tangu lini mtu mzima anaandikwa jina la mtoto wa shule ya awali.

Njiani nilikaa kwenye ukuta mfupi kupumzisha magoti, nikaikunjua fomu ili nijichochee hasira tena. Ndipo nikaona mstari wa mwisho, jina la mdhamini. Yalikuwa majina matatu ambayo sijawahi kuyasikia. Wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba amekosea, amemwandika mtu mwingine. Nikayasoma tena. Ni yeye. Ndivyo anavyoitwa. Miaka mitatu nimepokea salamu zake, amenishonea magauni, ametunza ufunguo wangu wa akiba, na sikujua jina lake hata moja kati ya hayo matatu.

Nilijaribu kukumbuka ni nani aliyeniita kwa jina langu mara ya mwisho. Kazini nilikuwa Karani. Marehemu mume wangu, tangu tulipopata mtoto wa kwanza, aliniita mama wa mtoto huyo hadi siku anafumba macho, na mimi nilimwita baba yake. Mwanangu ananiita mama, mkewe ananiita mama, huku mjini ni Bibi wa mtoto ambaye hayupo. Aliyekuwa akiniita jina langu ni mama yangu, akiwa jikoni, na alikuwa akilivuta mwishoni ili lifike mtoni. Mama yangu amekufa zamani. Nililia kidogo pale barabarani, sioni sababu ya kuficha. Mpita njia mmoja alinipa pole akidhani nimefiwa.

Nilipofika, Mama Mapacha alisimamisha cherehani. "Wamekubali?"

"Wamekataa. Umeandika jina la mtoto."

"Sasa si ndiyo jina lako?"

"Nina langu."

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Unaitwa nani, Bibi?"

Nilimwambia. Lilitoka kwa shida, nikalazimika kukohoa na kulirudia. Alilisema mara moja, akalionja, akalisema tena, kisha akaangua kicheko hadi akashika meza. "Hilo jina la msichana wa miaka kumi na nane! Umelificha hapo ndani miaka yote hii?"

Na mimi nikamwita lake, la kwanza kati ya yale matatu. Aliacha kucheka. Alisema hata mapacha wenyewe hawana uhakika kama wanalijua.

Aliniandikia fomu mpya. Safari hii nilikaa kwenye kigoda karibu yake, sikutazama barabara. Kabla hajafika kwenye jinsi anavyonifahamu nilimuuliza, bila ukali, habari ya zile taa. Alijibu akiwa anaendelea kuandika. "Ule mwezi ulioumwa, taa haikuwaka siku mbili. Nilikuja kugonga. Ukanijibu dirishani kwamba hujambo, hukufungua. Nikarudi jioni, ukanijibu hivyohivyo."

Nilikuwa nakumbuka. Nilikuwa na homa, nimejifunika, nikasikia hodi na nikasema sijambo ili mtu aondoke. Kisha nikalala pale nikiwaza kwamba hakuna anayenijali mji huu. Sikumwambia hilo. Nilimwomba tu maneno ya taa ayaache kama alivyoyaandika mara ya kwanza, na akayaandika yote.

Kadi hazikutolewa dirishani. Kumbe mwaka huu waliamua kuwakabidhi wanachama wapya siku ya tamasha la usomaji, mbele ya watu, pamoja na wadhamini wao wanaopenda kufika. Mama Mapacha alifunga duka nusu siku, akavaa gauni alilojishonea mwenyewe kwa ajili ya harusi ya binti yake. Tulikaa kwenye viti vya plastiki nje, chini ya turubai, upepo wa ziwa ukilipigapiga. Mgeni rasmi alichelewa kwa saa mbili, kama kawaida ya wageni rasmi. Watoto wa shule walisoma ngonjera kuhusu vitabu, mmoja akasahau ubeti wake akaanza kulia, mwalimu akammalizia. Kulikuwa na meza za vitabu vilivyochapwa kanda yetu, na meza ya kufundisha wazee namna ya kutafuta vitabu kwa simu, ambayo ilikuwa na walimu wanne na mzee mmoja. Nilimwonyesha Mama Mapacha kila kitu kama mwenyeji. Nilikuwa nimefurahi, na nilihofia furaha yenyewe, kwa kuwa ningerudi nayo kwenye nyumba ileile.

Hatimaye binti wa miwani alishika kipaza sauti na kuanza kuita majina. Aliyeitwa alisimama, mdhamini wake akasimama, wakapigiwa makofi. Walipita wanafunzi wa chuo, walipita mume na mke. Kisha likaitwa jina moja na hakuna aliyesimama. Binti akalirudia. Alilisoma sawasawa, majina yote matatu, sauti ikafika hadi barabarani. Watu wakaanza kugeuza shingo, nami nikageuza. Niliangalia viti vya nyuma, nikaangalia getini. Nilimwona huyo mama hana adabu kabisa: ameandaliwa kadi, ameitwa kwa heshima, halafu ama hakuja ama amekaa mahali anachezea simu. Likaitwa mara ya tatu.

Mama Mapacha alinigusa mbavuni kwa kiwiko.

"Ni wewe," alininong'oneza. "Bibi, si wewe huyo? Nyanyuka."

Niliinuka. Yeye pia aliinuka, akanishika mkono juu ya kiwiko kwa sababu ya magoti, na tukaenda mbele polepole huku watu wakipiga makofi na wengine wakicheka kwa wema. Binti alinipa kadi kwa mikono miwili. Akainama, akasogeza kipaza sauti pembeni, akaniuliza kama jina lilikuwa limekosewa.

Nikamwambia hapana, ni mimi. Sauti haikutoka, akanisogezea sikio. Ilibidi niseme tena: ni mimi.